Somo la Kiingereza na durusu iliyoachwa chuoni

Msokweru alipolitungwanya gwasho, vitakuli vyote vilipwerereka hadi ndusuluni. Nani alilitungwanya gwasho? Msokweru. Vitakuli vilipwerereka hadi wapi? Hadi ndusuluni. Ni vitakuli vingapi vilivyopwerereka? Vyote. Msomaji amekwisha kupata alama tatu kwa tatu, na bado hajui kama gwasho ni mnyama, chombo au mkwe wa mtu. Maneno hayo nimeyabuni mwenyewe, lakini mtihani wenyewe sikuubuni: hivyo ndivyo zoezi la ufahamu linavyokwenda katika vipindi vingi vya Kiingereza vya madarasa yetu ya kati hapa Zanzibar, kwa maana ya darasa la tano hadi kidato cha pili. Mwanafunzi anapewa habari fupi na maswali matano chini yake, naye hachelewi kung'amua kwamba jibu linasakwa kwa jicho tu. Analitafuta neno la swali ndani ya habari, ananakili sentensi iliyolibeba, anapigiwa vema. Mzazi akilifungua daftari jioni anafurahi, na kesho yake ukurasa unafunuliwa.

Sisemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Nilipokuwa nikifundisha kidato cha kwanza nilitoa mazoezi ya aina hiyo kwa miaka, na niliridhika nayo, mpaka siku moja nilipomtaka mwanafunzi aliyepata yote aniambie kwa Kiswahili ile habari ilihusu nini. Alinyamaza, akaitazama tena karatasi yake, kisha akanisomea sentensi ya kwanza, kwa sauti nzuri na bila kukwama.

Kule kusoma bila kukwama ndiko kulikonipoteza mimi, na nadhani ndiko kunakowapoteza wengi. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina herufi yake, kwa hiyo mtoto aliyetoka darasa la pili akiwa sawasawa anaweza kulitamka neno lolote la Kiswahili, hata ambalo hajapata kulisikia, kama wasomaji wangu walivyolitamka neno vitakuli hapo juu bila taabu yoyote. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi nne zilezile, “ough”, zinasomwa kivingine katika “though”, kivingine katika “through”, kivingine katika “cough”, na kivingine tena katika “enough”. Mtoto anayevuka mkondo huo mpaka akaweza kusoma aya nzima kwa sauti anastahiki sifa. Lakini sisi tukishasikia sauti imetoka tunadhani chombo kimetia nanga, hali ya kuwa kiko mkondoni bado.

Hoja yangu ni moja. Kila matokeo ya kidato cha pili yanapotoka tunasikia kwamba watoto hawajui sarufi, au ni wavivu wa kusoma, au simu zimewaharibu, na huenda yote hayo yana chembe ya ukweli. Ila ukikaa nyuma ya darasa ukafuatilia neno moja tu, tokea linapoandikwa ubaoni hadi mwisho wa muhula, utaona kuwa mara nyingi halirudi tena. Mtoto amekutana nalo mara moja na ameagana nalo palepale. Somo letu linatoa maneno, haliyadurusu.

Ajabu yake ni kwamba kudurusu si jambo geni hapa kwetu. Watoto wengi wa Unguja na Pemba wakitoka skuli wanakwenda chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, na chuoni maalim hampi mtoto sura mpya mpaka ile ya jana imekaa. Anasomeshwa, anasikilizwa, akiteleza anarudishwa, na hata akishavuka anarejeshwa nyuma asije akasahau. Hivyo ndivyo sura 37 za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, zinavyoingia kifuani mwa mtoto ambaye hata meno ya utotoni hayajamtoka yote. Nimewasikia walimu wenzangu wakisema kwamba chuo ndicho kinachowazoesha watoto kukariri bila ya kuelewa, na kwamba Kiingereza chao kinaharibikia huko. Sikubaliani nao. Kuhifadhi Kurani kuna makusudio yake na adabu zake, na hakuna aliyedai kuwa ni zoezi la ufahamu. Kama kuna kosa, ni la skuli, iliyochungulia chuoni ikachukua kile kiitikio, darasa zima likipaza sauti nyuma ya mwalimu, ikaacha kitu ambacho kingeifaa zaidi, nacho ni kurudi.

Tuchukue kipindi cha kawaida. Ubaoni pameandikwa maneno mapya kumi, Kiingereza kushoto na maana kulia, na watoto wananakili. Tuseme vipindi hivyo ni vinne kwa wiki: maneno 40, na kwa mwaka wa masomo yanapita 1,000. Michael West, Muingereza aliyefundisha Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, ambayo ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya maandishi ya kawaida. Kwa hesabu yetu ya ubaoni, mtoto aliyeanza darasa la tano angekuwa ameimaliza orodha ya West anapotoka darasa la sita. Kila mwalimu anajua kwamba hilo halitokei, na sababu yake ni ya kihesabu pia. Mwaka 2007 Stuart Webb alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa Japani, akaonesha kwamba ujuzi wa neno huongezeka kila msomaji anapokutana nalo tena ndani ya sentensi, na kwamba hata mara kumi huenda zisitoshe kulijua kwa ukamilifu. Maneno kumi yaliyoonwa mara moja na neno moja lililoonwa mara kumi ni kazi ileile ya macho, lakini mavuno yake hayafanani.

Wala si suala la kupungukiwa neno moja moja la hapa na pale. Hu na Paul Nation, huyu wa pili akiwa mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, walichapisha mwaka 2000 jaribio ambamo wasomaji walipewa hadithi iliyopachikwa maneno ya kubuni, jamaa zake gwasho langu, kwa viwango tofauti. Pale neno moja katika kila matano lilipokuwa halijulikani, hakuna hata mmoja aliyeielewa hadithi vya kutosha. Ili wengi waisome bila ya msaada, ilibidi wajue kama maneno 98 katika kila 100. Hilo ni neno geni moja kwa kila hamsini, au kwa kila mistari minne au mitano ya kitabu. Sasa mfikirie mtoto wa kidato cha kwanza mbele ya ukurasa wa Jiografia ambao kila mstari wake una maneno mawili matatu asiyoyajua, kisha umuite mvivu wa kusoma.

Jiografia nimeitaja kusudi, kwa sababu somo la Kiingereza halibebi mtihani wake peke yake. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, ilhali skuli za msingi za Serikali za Tanzania Bara ziliendelea na Kiswahili. Kama uamuzi huo ulikuwa mwema au la, mjadala wake ni mrefu na sitaufungua hapa. Ninachokitazama ni maneno yanayowaangusha watoto katika masomo hayo, maana siyo yale tunayoyaogopa. “Photosynthesis” mtoto analijua: mwalimu wa Sayansi amelieleza, amelichora na amelirudia wiki nzima. Anakokwama ni kwenye “absorb”, “release”, “whereas” na “unless”, maneno yasiyo na mwenyewe. Mwalimu wa Sayansi anadhani yameshafundishwa kwenye Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza hayaoni kwenye kitabu chake, na mtoto anabaki katikati. Katika Hisabati nimewahi kusahihisha swali lililotaka wanafunzi “at least” watano. Mtoto mmoja, aliyejua vizuri kuwa “least” ni kidogo kabisa, akaandika wanne. Hesabu yake yote iliyofuata ilikuwa sahihi, na alipata sifuri.

Mtoto yule angeokolewa na sentensi moja ya Kiswahili: “at least” ni “wasipungue”. Lakini kwenye kuta za skuli kadhaa nimeona vibao vinavyokataza Kiswahili kusemwa ndani ya uzio. Naelewa nia yake, maana mtoto wa hapa akishatoka getini Kiingereza hakisikii tena, labda awe anaishi Nungwi au Paje wanakopita watalii. Hata hivyo siachi kuona ajabu kwamba vibao hivyo vimetundikwa katika kisiwa ambacho usemi wa mji wake, Kiunguja, ndio uliowekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kukabidhiwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930.

Kukifungia Kiswahili nje ya darasa ni kumnyang'anya mtoto kipimo alichonacho cha kupimia maneno. Mtoto wa Makunduchi anajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na hawezi kukuletea kimoja ukiwa umemtuma kingine. Ukimwambia kwa mkato tu kwamba “coconut” ni nazi, umemdanganya kidogo, kwa kuwa Mngereza anaweza kuyaita hivyo yote hayo. Upande wa pili, mtoto huyo anaosha vyombo, anafua nguo, ananawa mikono, anakoga na anatawadha, na kitenzi “wash” kinaweza kuingia kote huko. Mazungumzo ya dakika tatu juu ya neno hilo, kwa Kiswahili, yanamfundisha jambo ambalo orodha ya ubaoni haiwezi kumfundisha: kwamba maneno ya lugha mbili hayakai moja juu ya jingine kama vifuniko vya sufuria. Ndivyo ilivyo hata katika makosa. Watoto wetu wanaandika “my sister he is sick” na tunawazungushia wino mwekundu kana kwamba ni uzembe, wakati kosa hilo lina asili yake, kwani Kiswahili kinatosheka na “yeye” kwa mwanamme na mwanamke. Akielezwa mara moja kwamba Kiingereza kinataka kujua jinsia kabla ya kuendelea na safari, ataanza kujisahihisha mwenyewe, ingawa si siku hiyohiyo.

Sasa neno litarudi kwa njia gani? Kulirudisha kwa orodha nyingine ni kuwachosha watoto. Linarudi kwa kusoma, na kusoma kwenyewe kuwe kwa vitu vyepesi. Mfano ninaoupenda unatoka Fiji, visiwa vya minazi na vijiji vya pwani kama vyetu, ambako watoto wana lugha zao na Kiingereza ni cha skuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walizipelekea skuli za vijijini, kwa darasa la nne na la tano, vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza zenye picha. Madarasa mengine yalisoma kimyakimya kila siku na mengine yalisomewa na mwalimu kisha yakazungumza juu ya hadithi, huku skuli za kulinganishia zikiendelea na mazoezi yao ya sarufi kama kawaida. Baada ya miezi minane watoto wa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kwa kasi kama maradufu ya kawaida, na mwaka uliofuata faida ikaenea hadi kwenye uandishi, ambao haukuwa umefundishwa zaidi ya hapo awali. Waliokutana na neno “boat” katika hadithi ishirini hawakuhitaji kuliandika mara ishirini.

Vitabu 250 si mzigo wa kushindwa kubebwa, lakini najua nitakavyojibiwa: skuli nyingine bado zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, kipindi ni kifupi, watoto ni wengi kuliko madawati na silabasi lazima imalizwe. Yote ni kweli, na mwalimu anayeulizwa na wakuu wake amefika sura ya ngapi hawezi kulaumiwa kwa kukimbia. Ndiyo maana nisingeanza na vitabu. Ningeanza na kupunguza. Maneno manne yatosha badala ya kumi, na habari moja itumike wiki nzima: Jumatatu mwalimu aisome watoto wakisikiliza tu vitabu vimefungwa, Jumanne waisome wenyewe na kuieleza kwa Kiswahili, Jumatano wayatafute yale maneno manne katika daftari zao za Sayansi na Jiografia, Alkhamisi waisimulie upya kwa Kiingereza chao bila ya kuitazama. Swali la ufahamu nalo liwe lile lisiloweza kujibiwa kwa kunakili. Badala ya nani alikwenda wapi, waulizwe kwa nini hakurudi. Vituo vya walimu vipo katika wilaya za Unguja na Pemba, na kazi moja inayoweza kufanyika humo bila ya kungoja mradi ni walimu kukaa pamoja na kuandika hadithi za kurasa nane kwa maneno ambayo watoto wameshayaona.

Nimebakisha kuandika, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka jana, msimu wa karafuu, nilikuwa Pemba kwa jamaa zangu upande wa Wete, na kijana wa jirani anayesoma kidato cha kwanza akaniletea daftari lake la insha. Kichwa cha insha kilikuwa mapumziko yangu ya skuli, na yeye aliandika kwamba alikwenda na baba yake kwa gari katika mbuga ya wanyama, wakaona simba na tembo, wakala matufaha chini ya mti, wakarudi nyumbani wamefurahi. Hapakuwa na kosa la tahajia hata moja. Alipata 17 kati ya 20. Nilimuuliza huyo simba alimuona wapi, kwa sababu Pemba mnyama wetu wa kujivunia ni popo, na watu wanatoka mbali kuja Kidike kumtazama. “Sikumuona, ami,” aliniambia, “nimeihifadhi.” Hakuona haya yoyote, alinijibu kama anavyomjibu maalim wake.

Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili alichokifanya siku zile hasa. Alizungumza kwa robo saa. Alikuwa juu ya mikarafuu tangu alfajiri, akavunjikiwa na tawi siku ya pili, jioni akakaa na bibi yake kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, asubuhi wakaanika juu ya majamvi na mchana wakayakimbiza majamvi ndani kwa mvua. Alijua kwamba karafuu ni tumba lisilopasuka, na kwamba likishachanua bei yake imekwenda. Mtoto mwenye habari kama hiyo alikuwa amepewa simba wa watu wengine.

Tulitafuta pamoja maneno aliyoyahitaji, na hayakuwa mengi: tawi, tumba, kikonyo, kuchambua, kuanika, jamvi, kupima. Tulipofika kwenye “stem” akanikatiza. “Stem si shina? Ticha wa Sayansi alisema shina.” Nikamwambia ni shina na ni kikonyo, kinachobeba jani au ua, na Waingereza hawakuona haja ya kutenganisha. Alifikiri kidogo akacheka, akasema basi bibi yake anauza mashina.

Insha aliyoiandika usiku ule ilikuwa na sentensi tisa. “My grandmother she sit on the mat and she separate the bud and the stem. We do not throw the stem. It is for oil.” Nilihesabu makosa kumi na moja kwa jumla, na kwa utaratibu wa kusahihisha tuliouzoea, unaokata alama kwa kila kosa na usiotoa hata moja kwa jambo lililosemwa, insha ya simba ingeishinda mbali. Hapo ndipo ninapoona ugumu halisi wa jambo hili, kwa sababu mtoto ana akili za kutosha kuandika kinachompa alama, na mpaka mtahini atakapozitoa alama zake kwingine, walimu watahifadhisha insha na watoto watazihifadhi.

Siku mbili baadaye alirudi na daftari jingine, la Bailojia safari hii. Kwenye mchoro wa mmea alikuwa ameandika pembeni kwa penseli “stem: shina, kikonyo”, na juu kwenye ncha ya mchoro ameweka alama ya kuuliza, akitaka kujua kama “bud” iliyooneshwa pale ndiyo “bud” ya mkarafuu. Nikamwambia ile ya mchoro ni chipukizi la jani na ya mkarafuu ni tumba la ua, ila neno ni lilelile. Aliifuta alama ya kuuliza, akaliandika neno kwa mara ya tatu.